Begi la Gharama kwa Msafiri wa Mara kwa Mara: Kulichagua, Kulitunza na Kulitengeneza

Wauzaji wa mabegi ya bei kubwa husifia ganda kuliko kitu kingine chochote: alumini isiyoshika kutu, polikaboneti inayopinda bila kuvunjika, nailoni iliyofumwa kwa nyuzi nene. Sifa hizo ni za kweli kwa kiasi kikubwa, lakini ganda ndilo linalochelewa kuharibika. Kinachotangulia ni magurudumu, kisha mpini wa kuvuta, kisha zipu, kisha vishikio vya juu na vya ubavuni. Kwa mtu anayesafiri kila mwezi, begi bora ni lile ambalo vitu hivyo vinne vinaweza kutolewa na kuwekwa vingine bila kuliharibu. Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kulinunua begi la namna hiyo, au aliye karibu kulinunua, na ambaye hataki kulitupa kwa sababu ya gurudumu moja.

Kabla ya kununua, fungua bitana

Dukani, usianze kwa kulivuta begi huku na huko sakafuni, kwa sababu begi lolote jipya huteleza vizuri kwenye sakafu ya duka. Lifungue, kisha utafute zipu ndogo iliyofichwa katika mshono wa bitana. Ukiifungua hiyo utaona upande wa ndani wa ganda, reli za mpini, na skrubu zinazoshikilia magurudumu na vishikio. Iwapo zipu hiyo haipo na bitana imegandishwa kwa gundi, basi kila tengenezo, hata liwe dogo kiasi gani, litaanza kwa kukata kitambaa na kumalizika kwa kukishona upya.

Ukishafika ndani, tazama kama sehemu zimefungwa kwa skrubu au kwa ribiti, yaani pini ya chuma iliyopondwa ncha ili isitoke. Ribiti si kasoro. Hushika kwa nguvu na hailegei kwa mtikisiko kama skrubu. Hata hivyo, huondolewa kwa kutobolewa na drili, na kurudishwa kwa koleo maalumu ya ribiti, kazi ambayo msafiri hawezi kuifanya hotelini usiku wa kuamkia safari. Begi ambalo magurudumu yake yamefungwa kwa skrubu, na vishikio vyake kwa ribiti, lina mpangilio mzuri, kwa kuwa magurudumu hubadilishwa mara nyingi zaidi.

Kuhusu idadi ya magurudumu, nitasema wazi kwamba ninapendelea mawili. Rubani Robert Plath wa Northwest Airlines alipobuni begi la kusimama lenye magurudumu mawili na mpini wa kuvuta mwaka 1987, alikuwa akitengeneza kifaa cha watu wanaopita katika viwanja vya ndege kwa riziki yao, na umbo hilo bado halijapitwa na wakati. Magurudumu mawili huzama nusu ndani ya ganda, kwa hiyo hayapigwi kirahisi. Ni mapana, na huvumilia barabara mbovu. Magurudumu manne yanayozunguka pande zote hurahisisha kusimama kwenye foleni, lakini yametokeza chini ya begi na kila moja linategemea mhimili mwembamba. Begi linapodondoshwa kutoka kwenye mkokoteni, mhimili huo ndio unaopokea pigo lote.

Ganda lichaguliwe kwa kuzingatia jinsi litakavyoharibika, kwa maana kila ganda litaharibika. Alumini hubonyea na hubaki imebonyea. Polikaboneti hupinda na kurudi, na inaposhindwa hupasuka, kwa kawaida kwenye kona au kuzunguka tundu la skrubu. Plastiki ya ABS, ambayo huuzwa kwa sura ileile na wakati mwingine huchanganywa na polikaboneti, ni nyepesi na rahisi lakini huvunjika kwa urahisi zaidi, hasa kwenye baridi kali ya uwanja wa majira ya theluji. Nailoni ya balistiki, ambayo asili yake ni makoti ya kujikinga na vipande vya makombora katika Vita vya Pili vya Dunia, huchakaa polepole na hushoneka; unene wa nyuzi zake huandikwa kwa denieri, na katika mabegi mazuri utakuta 1050 au 1680. Anayetaka begi ambalo fundi yeyote mwenye sindano nene anaweza kulirekebisha atachagua nailoni. Anayebeba vitu vinavyovunjika atachagua ganda gumu.

Dhamana isomwe yote, si kichwa chake tu. Neno «maisha» linaweza kumaanisha maisha ya mnunuzi wa kwanza, au muda ambao mtengenezaji anaona bidhaa ilistahili kudumu, na hayo mawili hayalingani. Briggs & Riley hujumuisha hata uharibifu unaofanywa na mashirika ya ndege na hawadai risiti. Rimowa, kiwanda kilichoanzishwa mjini Cologne mwaka 1898, hutoa dhamana ya maisha kwa masanduku yaliyonunuliwa kuanzia tarehe 25 Julai 2022, lakini kwa hitilafu zinazozuia sanduku kufanya kazi, si kwa mikwaruzo na mabonyeo. Swali linalosahauliwa na wengi ni nani anayelipa gharama ya kulisafirisha begi hadi kwa fundi wa kampuni na kulirudisha. Lijibiwe kabla ya kulipa, na namba ya begi isajiliwe siku hiyohiyo.

Uwanjani, kabla ya kutoka

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayelirusha begi lako kwenye mkanda hajui ulilipa kiasi gani. Ndiyo maana ukaguzi wa begi hufanyika palepale unapolipokea, kabla ya kupita mlango wa kutokea. Lizungushe begi pande zote sita, zungusha kila gurudumu kwa kidole, toa mpini hadi mwisho na uurudishe, pitisha zipu mzunguko mzima. Ukaguzi huu hauchukui muda, na una uzito wa kisheria.

Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao husimamia safari nyingi za kimataifa, unamtaka msafiri alalamike kwa maandishi mara tu anapogundua uharibifu, na kwa vyovyote vile ndani ya siku 7 tangu alipopokea mzigo uliokabidhiwa. Mzigo uliochelewa una siku 21. Ukipokea mzigo bila kulalamika, sheria huchukulia kwamba ulikuwa salama, hadi uthibitishe kinyume; na muda huo ukipita bila malalamiko ya maandishi, haki ya kudai hupotea, isipokuwa shirika liwe limefanya udanganyifu. Kwa hiyo nenda kwenye dawati la mizigo, jaza ripoti ya uharibifu, na usiondoke bila nakala yenye namba ya kumbukumbu. Kisha tuma malalamiko rasmi kwa shirika lenyewe, kwa sababu ripoti ya dawatini si lazima ihesabiwe kuwa dai kamili. Shauri la mahakamani, kama mambo yatafika huko, lazima lifunguliwe ndani ya miaka 2.

Kiwango cha juu cha fidia kimewekwa katika SDR, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria mmoja. Kiasi hicho hujumuisha begi pamoja na vilivyomo, jambo ambalo mwenye sanduku la gharama lililojaa suti anapaswa kulifikiria mapema. Aidha, shirika haliwajibiki pale uharibifu unapotokana na udhaifu wa begi lenyewe, na hapo ndipo hoja ya «uchakavu wa kawaida» huingizwa. Nchini Marekani, Wizara ya Uchukuzi imeyakumbusha mashirika kwamba hayawezi kukataa kwa jumla madai ya magurudumu, vishikio na kamba. Kwingineko, silaha yako ni picha: piga begi picha kabla ya kulikabidhi, magurudumu yakionekana, ili isisemekane kwamba lilifika hivyo.

Shirika likikupa hiari kati ya begi jingine na matengenezo, chagua matengenezo. Begi la kubadilishia linalotolewa uwanjani huwa la daraja la chini.

Magurudumu

Gurudumu linalolia au kugoma huwa limefungwa na nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli. Zikate kwa kisu chembamba, uzivute kwa kibano, kisha upanguse mchanga kwa brashi kavu. Usitie mafuta. Beringi nyingi za magurudumu haya zimefunikwa na zina grisi yake, na mafuta ya nje hukusanya vumbi hadi yakawa msasa.

Kama mpira wa gurudumu unamenyeka au kumung'unyika, hakuna usafi utakaouokoa. Mpira huo kwa kawaida ni poliyurethani, na unyevu wa hewa huvunja viungo vyake vya kikemikali taratibu, hata begi likiwa limekaa kabatini. Ndiyo sababu begi lililotunzwa miaka mingi bila kutumiwa huweza kuacha magurudumu yake vipandevipande siku ya kwanza ya safari.

Kwa begi la magurudumu manne, kinachobadilishwa ni gurudumu pamoja na nyumba yake, yaani kasha linalolishikilia kwenye ganda. Fungua bitana, ondoa skrubu, toa nyumba ya zamani na uweke mpya, ukizingatia kwamba ya kushoto na ya kulia, ya mbele na ya nyuma, mara nyingi hazifanani. Agiza kutoka kwa mtengenezaji kwa kutumia namba ya begi. Ukilazimika kununua kwingine, pima umbali kati ya matundu ya skrubu kutoka kitovu hadi kitovu kwa kalipa, kifaa cha kupimia umbali mdogo, kwani tofauti ya milimita mbili inatosha kukurudisha dukani.

Kwa begi la magurudumu mawili kazi ni ya kupendeza zaidi. Mengi hutumia magurudumu ya jamii ya yale ya viatu vya kuteleza, yenye beringi ya aina ya 608: tundu la milimita 8, kipenyo cha nje milimita 22, unene milimita 7. Pima kipenyo na upana wa gurudumu la zamani kabla ya kununua, kwa sababu gurudumu refu kuliko nafasi yake litakwaruza nyumba. Ekseli ikiwa ni skrubu yenye tundu la pembe sita, tumia alenki mbili, moja kila upande. Ikiwa ni ribiti, ingiza msumeno mwembamba wa chuma kati ya gurudumu na nyumba, ukibandika utepe mnene kwenye plastiki ili isikatwe, kata ekseli, isukume nje, na mahali pake uweke bolti yenye nati ya kujifunga, ile yenye pete ya nailoni ndani. Kaza hadi mchezo uishe, kisha legeza kidogo ili gurudumu lizunguke huru. Badilisha yote mawili kwa pamoja; jipya likiwekwa pamoja na lililolika, begi litaenda upande.

Kila skrubu unayoirudisha itiwe tone la gundi ya kuzuia skrubu isilegee, ya nguvu ya wastani, lakini pale tu skrubu inapoingia kwenye chuma. Gundi hiyo ikigusa polikaboneti huweza kuipasua.

Zipu

Zipu inapofunga mbele na kuachia nyuma, watu huilaumu zipu nzima, ilhali meno mara nyingi ni mazima na kilichokwisha ni kichwa. Kila safari kichwa hutanuka kidogo, na hatimaye hakiyabani meno ya kutosha. Kwa dharura, shika upande mmoja wa kichwa kwa koleo na ukibane kidogo sana, kisha upande wa pili, ukijaribu kila baada ya mbano. Vichwa vingi ni vya aloi ya zinki, na hukatika ghafla vikilazimishwa. Mbano huo utakufikisha nyumbani, si zaidi.

Dawa ya kudumu ni kichwa kipya. Geuza cha zamani usome namba nyuma yake: mabegi makubwa hutumia 8 au 10, mifuko ya nje 5, na namba hiyo hukaribia upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Jina la mtengenezaji nalo lizingatiwe. Kichwa cha YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa na Yoshida Tadao mwaka 1934, hakikai sawasawa kwenye meno ya kampuni nyingine hata namba zikilingana. Fumua mshono kidogo pale utepe wa zipu unapoishia, toa kichwa cha zamani, ingiza kipya kwa kusukuma pande zote mbili za utepe kwa usawa, kisha shona kizuizi cha uzi mnene mwishoni na urudishe mshono. Fundi cherehani au fundi viatu hufanya kazi hii haraka, na kwa zipu iliyong'oka meno, ambayo lazima ibadilishwe yote, ni afadhali kumwachia yeye.

Zipu hupakwa nta ya mshumaa au silikoni, si mafuta ya mashine. Na kwa kuwa zipu ya meno ya ond, yaani ya uzi wa plastiki uliojisokota, inaweza kutenganishwa kwa ncha ya kalamu, kufuli lisipewe imani kubwa mno. Picha za funguo kuu za kufuli za TSA, idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, zilivuja, na mwaka 2015 nakala zake zilikuwa zikichapishwa kwa printa za pande tatu. Vitu vya thamani hukaa kwenye begi la mkononi, kama zinavyopaswa kukaa betri za akiba za lithiamu, ambazo haziruhusiwi katika mzigo uliokabidhiwa.

Mpini wa kuvuta

Mpini huharibika kwa kutumiwa kunyanyulia. Umeundwa kuvuta, na anayelibeba begi la kilo 23 ngazini kwa mpini huo anapinda mirija yake bila kujua. Ukianza kukwama, utoe wote, pangusa mirija kwa kitambaa chenye unyevu, puliza mchanga utoke, kisha nyunyiza silikoni kidogo na uutembeze mara kadhaa. Kama kitufe kinabonyea lakini mpini hauachii, fito ndogo zilizo ndani ya mirija zimekatika au springi imeruka, na hapo hubadilishwa mpini mzima. Vipimo vinavyohitajika ni vitatu: urefu ukiwa umefungwa, urefu ukiwa umetolewa, na umbali kati ya vitovu vya mirija miwili.

Ganda, kitambaa na ngozi

Bonyeo la alumini husukumwa kutoka ndani. Ondoa bitana sehemu hiyo, laza ganda juu ya mfuko wa mchanga, na ugonge kwa nyundo ya mpira kuanzia ukingoni mwa bonyeo kuelekea katikati, kwa mapigo mengi madogo. Usitarajie uso kama wa awali. Lengo ni sanduku lifunge sawasawa. Mikwaruzo iache. Ukisugua alumini iliyopakwa tabaka la kinga kiwandani, unaliondoa tabaka lenyewe na kubaki na baka linalong'aa tofauti.

Bonyeo la polikaboneti mara nyingi hurudi kwa kusukumwa na kiganja, hasa likipashwa moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele. Plastiki hiyo hulainika hasa karibu na nyuzi 147 za Selsiasi, kwa hiyo joto la nywele halitaiyeyusha, lakini linaweza kuharibu bitana. Alama nyeupe ya mkunjo haitoki. Ufa ni jambo zito zaidi: toboa tundu dogo la milimita 3 pale hasa ufa unapoishia ili usiendelee, kwaruza upande wa ndani kwa msasa, na weka kiraka cha karatasi ngumu ya polikaboneti kwa gundi ya epoksi pamoja na ribiti mbili au tatu zenye washa. Ganda la polipropilini halishiki gundi za kawaida. Hilo hutiwa kiraka cha ribiti peke yake. Kamwe usitumie asetoni, tina ya rangi wala petroli kuondoa gundi ya stika, kwa maana polikaboneti iliyoguswa na vimiminika hivyo hupata nyufa ndogondogo. Spiriti ya isopropili inatosha.

Nailoni iliyochanika hutiwa kiraka kutoka ndani na kushonwa kwa sindano iliyopinda na uzi wa poliesta uliopakwa nta. Uzi wa pamba huoza. Vishikio vya ngozi hupanguswa na kupakwa krimu ya ngozi mara chache kwa mwaka, na mshono wake ukianza kuachia, msharasi na sindano mbili huumaliza kwa kupitia matundu yaleyale ya zamani.

Begi lisilosafiri lihifadhiwe likiwa kavu, mahali penye hewa, pasipo mfuko wa plastiki, na likiwa na pakiti za kunyonya unyevu ndani.

Lini uache kutengeneza

Ufa ukifika kwenye nyumba ya gurudumu, au fremu ikipinda hadi nusu mbili za sanduku hazikutani bila kulazimishwa, fedha ya matengenezo inapotea. Hata hivyo, usilitupe lote. Toa magurudumu mazima, mpini, vichwa vya zipu, vishikio, kufuli na kila skrubu, uvitie kwenye mfuko mmoja, na uandike juu yake jina la mtengenezaji, modeli na mwaka wa ununuzi. Watengenezaji huacha kuuza vipuri vya modeli za zamani, na kama begi lako jipya ni la jamii ileile, mfuko huo utakufaa kabla ya duka lolote.